Finjani Isiyonywewa

Mjini Ibra, katika mtaa mmoja unaopakana na mashamba ya mitende, mtoto mtukutu hatishwi kwa jini. Hutishwa kwa Bi Khole. Si kwamba Bi Khole alipata kumpiga mtoto wa mtu. Alisomesha jiografia katika skuli ya wasichana mpaka akastaafu, na muda wote huo fimbo yake ilikuwa jicho tu. Akikutazama kwa juu ya miwani, unaanza mwenyewe kukumbuka makosa, hata yale ambayo hukuyafanya.

Alizaliwa Unguja, akaletwa Omani msichana mdogo, akasoma Kairo, akarudi akaolewa na Bwana Marhoun, mtu mpole wa maneno machache. Bwana Marhoun, Mungu amrehemu, alimwachia watoto wawili, nyumba yenye baraza pana, na jina. Nyumba huchakaa ikapigwa rangi, watoto hukua wakaenda zao, lakini jina, kwa kauli ya Bi Khole, ndilo la kupanguswa kila asubuhi. "Jina la watu ni kama kanzu nyeupe," alikuwa akisema. "Haingoji tope. Tone la chai linatosha."

Tone hilo lilidondokea nyumbani kwa jirani yake, Bi Sheha, asubuhi moja wanawake wa mtaa walipokusanyika kunywa kahawa. Bi Sheha ana sauti tamu, sauti iliyotiwa iliki, na akitaka kukuchoma huizidisha utamu.

"Ati Bi Khole," alisema, "Reem wako bado anacheza karata?"

Mwanamke aliyekuwa akimenya chungwa aliacha ganda likining'inia.

"Wangu hawachezi karata," Bi Khole akajibu papo hapo, hata kabla ya kuishusha finjani yake. "Reem anafanya kazi maabara ya hospitali. Hana wakati wa upuuzi."

"Haya, mama. Basi labda ni mwengine niliyemwona juzi kwenye baraza yako, yeye na kaka yake Hamdun, meza imejaa karata. Macho yangu nayo yamezeeka."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha adabu, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mbuzi. Bi Khole alikaa mpaka mwisho, mgongo umenyooka, akaaga kila mtu kwa jina. Lakini alipokuwa akivuka njia kurudi kwake, masikio yalikuwa yakimwaka moto.

Reem ndiye mtoto wake wa pili, msichana wa miaka ishirini na saba, mwenye akili nyingi na subira kubwa. Alikuwa jikoni. Hamdun, kaka yake, ambaye anaishi na mkewe nyumba ya pili, alikuwa amekuja kula chakula ambacho hakikupikwa kwa ajili yake.

"Ziko wapi?" Bi Khole akauliza.

"Nini, Mama?"

"Hizo karata zinazonifedhehesha kwa Sheha."

Reem akaacha kisu. "Mama, wallahi si karata za kamari. Huu mchezo mwengine kabisa. Kadi zina picha, tunabadilishana, tunacheza. Hakuna pesa ndani yake."

"Mimi nimeshasema mbele ya watu kuwa hamchezi."

"Kwa nini umesema kabla hujatuuliza?" Hamdun akadakia, mdomo umejaa wali.

Bi Khole akamtazama kwa juu ya miwani. Hamdun akaendelea kula, lakini polepole.

Mtu mwengine angezitia kadi zile motoni mambo yakaisha. Bi Khole alikuwa mwalimu, na mwalimu hakatazi somo ambalo hajalisoma. Jioni ile ile, baada ya sala ya alasiri, aliketi barazani, akavaa miwani ya kusomea, akasema, "Haya. Nifundisheni nijue ninachokikataza."

Kadi zenyewe zilikuwa nzuri, hilo hakuweza kulikana. Kulikuwa na ngome, walinzi, mabonde, ndege wa jangwani, na mitende. Mitende mingi kuliko kitu chochote. Reem akampangia mitende yake mbele yake, imesimama kwa safu.

"Hii ndiyo mali yako," akamwambia. "Kila kadi ina gharama yake, imeandikwa hapa kwenye pembe. Ukitaka kutoa mlinzi, unalaza mitende miwili. Ukitaka ngome, unalaza minne. Mtende uliolazwa haufanyi kazi tena mpaka zamu yako irudi, ndiyo unausimamisha."

"Kwa hiyo nalipa, napata ngome."

"Unalipa kwanza. Halafu ngome inasubiri."

"Inasubiri nini tena, na nimeshalipa?"

"Inasubiri mimi nikujibu, kama nina la kujibu."

Bi Khole hakuwa mtu wa kusubiri. Alilaza mitende yake yote minne, akaiweka Ngome ya Mlimani katikati ya meza kwa mkono wa mtu aliyezoea kutundika ramani ukutani. Reem akalaza miwili ya kwake, akaweka juu ya ngome kadi ya Mafuriko ya Wadi, bonde la mto mkavu. Ngome ikaenda na maji kabla haijasimama.

Bi Khole akanyoosha mkono, akaanza kuiinua mitende yake mmoja mmoja.

"Mama, unafanya nini?"

"Najirudishia mitende yangu. Ngome sikuipata."

"Hairudi, Mama. Gharama ikishalipwa imekwenda."

"Huo ni wizi!"

"Ndiyo sheria."

"Basi sheria yenu ni ya wezi. Hata muuza samaki, akinipa samaki aliyeoza, ananirudishia."

Hamdun alicheka mpaka akaegemea nguzo. "Mama, watu wakienda kuposa wakakataliwa, nani anawarudishia safari yao? Wamevaa, wamejitia udi, wametoka mbele ya macho ya jirani. Hiyo ndiyo gharama. Wamelipa, wakajibiwa hapana, wakarudi."

Bi Khole akailaza tena mitende yake. Hilo liliingia.

Siku zilivyokwenda, na mengine yakaingia. Alijifunza kuwa jibu nalo hujibiwa: wewe unaweka kadi yako, mwenzio anaweka ya kwake juu yake, nawe, ukiwa bado una mtende uliosimama, unaweka nyengine juu ya ile, mpaka kunakuwa na rundo. Halafu rundo halianzi kufanya kazi kwa chini. Linaanza kwa juu. Iliyokuja mwisho hutimia kwanza, na ile ya mwanzo kabisa, iliyozusha yote, ndiyo ya mwisho kujulikana imepona au imekufa.

"Kama sahani kwenye karo," alisema Bi Khole. "Ya juu ndiyo inayooshwa kwanza."

"Sahihi, Mama."

"Na rundo linafungwa lini?"

"Mpaka mimi na wewe sote wawili tuseme basi. Mmoja akisema basi na mwengine ana neno, linaendelea."

"Eeh, hapo nimekuelewa. Kama kahawa. Humimini ukaacha kwa matakwa yako. Unamimina mpaka mgeni atikise finjani."

Tangu siku hiyo katika nyumba ile hakuna aliyesema basi kwa mdomo. Kila mmoja aliketi mezani na finjani tupu ubavuni mwake, na asiyekuwa na jibu aliitikisa kulia na kushoto, kama mgeni aliyekunywa akatosheka. Hamdun aliwahi kuitikisa yenye kahawa akajimwagia kanzu nzima, na mkewe akauliza huko nyumbani ni mchezo gani huo wa watu wazima kurudi wamelowa.

Bi Khole alikuwa na kadi moja aliyoipenda kuliko zote. Iliitwa Lango Limefungwa. Kadi hiyo ilizuia kitu chochote kilichotajwa na mwenzio, kikubwa au kidogo, na yeye alikuwa nayo moja tu. Hapo ndipo penye ugonjwa wake. Reem akigusa tu kadi mkononi mwake, hata hajaitoa, Bi Khole alikwisha kulipiga Lango mezani.

"Mama! Sijaitaja kadi! Unajibu nini?"

"Najua unataka kufanya nini. Nimekuzaa."

"Hujui. Ngoja niitaje, niilipie, ndiyo ujibu."

"Haya, ilikuwa nini?"

Ilikuwa paka. Paka mdogo wa jangwani, asiyemdhuru mtu. Na zamu iliyofuata Reem akatoa chui, na Bi Khole hakuwa na kitu mkononi.

"Lango umelifungia paka," alisema Hamdun. "Chui kaja, mlango wazi."

Maneno hayo yalimkera Bi Khole kwa sababu yalikuwa ya kweli, na si ya kadi peke yake. Alikumbuka baraza ya Bi Sheha, na jinsi alivyorukia kujibu kabla jirani hajamaliza. Basi akajitungia dawa: kadi ya Lango aliiweka chini ya paja lake akaikalia. Mpaka anyanyuke kuitoa, mwenzio alikwisha taja na kulipa, na yeye alikwisha pata muda wa kufikiri. Akaanza kushinda. Hamdun alimshinda mara moja tu tangu Ramadhani, na habari ya ushindi huo waliisikia kila Ijumaa.

Alasiri moja walikuwa wawili tu barazani, yeye na Reem, na Reem alikuwa akicheza vibaya, kadi nzuri anaziacha, mbovu anaziweka.

"Una nini leo?" Bi Khole akauliza.

"Mama, kuna watu wa Sur wanataka kuja."

Ulimi wa Bi Khole ulikwisha inuka. Akaukalia, kama anavyolikalia Lango. "Sema yote, mwanangu. Mpaka umalize."

Reem akasema yote. Kijana anaitwa Ghaith, mhandisi katika mtambo wa gesi, kwao Aija, ng'ambo ya khori, ule mkono wa bahari, pale Sur. Kila mwezi huko Nizwa, katika chumba cha juu cha duka la vitabu, watu wanaopenda mchezo huu hukutana, familia kwa familia, na Hamdun ndiye anayempeleka Reem kwa gari lake, wakipitia Izki kunywa chai, na ndiye anayeketi naye meza moja mpaka wanarudi. Ghaith alikuwa akicheza nao. Sasa amemwambia mama yake, na mama yake, Bi Wadha, anataka kuja kumwona Bi Khole kabla wanaume hawajaja kuposa kwa mlango wao.

"Na wewe unamtaka?"

Reem akatazama kadi zake. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Basi Bi Khole hakulala vizuri. Kijana mwenyewe hakumwona na tatizo. Aliuliza kwa njia zake, akaambiwa ni mtu wa watu, anayesali na kufanya kazi. Tatizo lilikuwa swali moja, ambalo kila mama mkwe duniani huuliza: walijuana wapi? Atasema nini? Mezani, kwenye karata? Maneno hayo yakitoka Ibra, yatafika Sur yamevaa nguo nyengine.

"Sema kazini," Hamdun akamshauri.

"Kazini wapi? Huyu yuko Sur na gesi, huyu yuko Ibra na damu za wagonjwa."

"Basi sema ni sisi tuliomjua, nyumba na nyumba."

"Nyumba hii haijamdanganya mkwe tangu ijengwe," alisema Bi Khole. "Na haitaanza kwa Reem." Lakini la kusema hasa hakulipata.

Bi Wadha alikuja Jumamosi alasiri. Mwanawe alimteremsha mlangoni, akaenda kukaa na Hamdun upande wa wanaume. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mdogo kwa Bi Khole kwa miaka kama kumi. Baba yake alikuwa Bedui wa Sharqiyah, mama yake mzaliwa wa Tabora, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kipana, hakina pembe.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu, karibu ndani. Habari za Sur?"

"Nzuri kabisa, joto tu. Lakini pole na barabara yenu hii. Malori! Nimefika kichwa kinaniuma, stresi tupu."

Bi Khole aliandaa kama inavyopasa: tende, halua, matunda, na mkate wa kumimina alioupika mwenyewe. Akaketi, akachukua birika, akamimina kahawa, akampa mgeni kwa mkono wa kulia. Bi Wadha akaipokea kwa mkono wa kulia, akashukuru, akaiweka juu ya sinia. Akaendelea kuzungumza habari za mvua.

Bi Khole akangoja. Mvua ikaisha, zikaja habari za harusi moja ya Samail ambayo wote wawili waliijua. Finjani ilikuwa pale pale, imejaa, haijaguswa.

"Karibu kahawa, mdogo wangu. Inapoa."

"Ahsante, dada, naiona."

Bi Khole alihisi damu ikimpanda. Mwanamke amekuja nyumbani kwake, amekula tende, lakini kahawa ya mkono wake hainywi! Alikolelewa yeye, kuiacha kahawa ya mtu mbele yake ni kumwambia mkono wako si safi, au nyumba yako si safi. Ameshasikia, alijiambia. Maneno ya Sheha yamefika Sur mapema kuliko gari. Amekuja kutuonyesha kuwa anatujua.

Akamtazama kwa juu ya miwani, tazamo lililowahi kunyamazisha madarasa mazima. Bi Wadha akamtabasamia.

"Sasa, dada Khole," alisema mgeni, akiweka vizuri shela yake. "Kuna jambo." Akasita.

Jibu lilikwisha kaa kwenye ncha ya ulimi wa Bi Khole, limepangwa, limenyooka: kama kahawa yetu hainyweki, njia ya Sur unaijua. Sentensi nzuri. Ingesimuliwa mtaani mwaka mzima. Akafumbua mdomo.

Pale mlangoni alikuwa amesimama Reem na sahani ya sambusa. Aliitazama finjani iliyojaa, akamtazama mama yake. Alipinda goti kidogo, akapitisha mkono chini ya paja lake, kama mtu anayetafuta kitu alichokikalia.

Bi Khole akafumba mdomo. Kadi haijatajwa. Anajibu nini?

"Nakusikiliza, mdogo wangu," alisema. "Sema mpaka umalize."

Bi Wadha akashusha pumzi. "Mimi ni mtoto wa Bedui, dada, usinicheke. Kwa baba yangu, mtu akiingia nyumba ya watu na haja, kahawa hainywi. Anaiweka mbele yake mpaka ajibiwe. Mama yangu alikuwa akimcheka baba, anamwambia ninyi mnakufa na kiu kwa adabu. Lakini mimi nimelelewa hivyo. Na leo nimekuja na haja. Mwanangu Ghaith anamtaka Reem wako. Finjani yangu ile pale. Ukinikubalia nitainywa. Ukinikatalia nitaiacha ilivyo, nirudi Sur na kiu yangu, na sitakulaumu."

Bi Khole, aliyesomesha ramani ya Sharqiyah bonde kwa bonde, hakuijua ada hiyo. Haja za namna hiyo zilikuwa zikija kwa Bwana Marhoun, upande wa wanaume, na Bwana Marhoun hakuwa msimuliaji. Aliitazama tena finjani ile. Dakika moja nyuma ilikuwa tusi. Sasa aliiona ilivyo: huyu mwanamke amelaza mitende yake yote. Amekuja njia ya malori, ameweka heshima yake juu ya sinia mbele ya mtu asiyemjua, na hatarudishiwa akiambiwa hapana. Amelipa, ametaja, sasa anasubiri.

"Sikucheki," alisema, na sauti yake ikatoka laini kuliko alivyokusudia. "Haja yako nimeisikia. Lakini nina neno juu yake."

"Sema, dada."

"Reem hataacha kazi. Amesoma kwa taabu, na baba yake alimfia akiwa bado chuoni. Akienda Aija asije akaambiwa mke wa mtu hatoki."

"Nimesikia. Na mimi nina neno juu ya hilo neno lako." Bi Wadha akajisogeza mbele. "Nimeambiwa katika nyumba hii kuna karata. Mimi sijali sana, dada. Ila nina mawifi, na mawifi zangu wana midomo, na wataniuliza hawa wawili walijuana wapi. Nimemuuliza Ghaith. Kasema 'Nizwa', akanyamaza. Mwanangu akinyamaza najua kuna kitu."

Basi limekuja. Bi Khole aliangalia alichobaki nacho. Uwongo wa kazini ulikuwepo, mwepesi, hauna gharama yoyote leo. Na kulikuwa na kweli, ambayo ilikuwa na gharama, na gharama yenyewe ilikuwa kiburi chake. Huo ndio mtende pekee uliokuwa bado umesimama.

Akaulaza.

"Nilisema mbele ya wanawake wa mtaa kuwa wangu hawachezi karata," alisema. "Nilisema kabla ya kuuliza. Wanacheza. Na mimi nacheza. Reem, lete kadi."

Reem akaleta. Bi Khole akasogeza sahani za matunda, akazipanga kadi juu ya zulia kama siku ya mtihani, akaeleza: hii mitende, hii gharama, hili ndilo rundo, linatatuliwa kwa juu. Bi Wadha aliinama akatazama.

"Na pesa zinawekwa wapi?"

"Hakuna pesa."

"Sasa anayeshinda anapata nini?"

"Anapata kusema ameshinda. Na mwanangu Hamdun anakipata hicho mpaka tunaziba masikio." Akavua miwani. "Hukuniuliza wazi, lakini nitakwambia. Walijuana juu ya duka la vitabu, Nizwa, mchana kweupe, chumba kimejaa watu na wake zao na watoto wao, kaka yake ubavuni mwake, na meza katikati yao. Wewe na mimi tuliwajua waume zetu usiku wa harusi, na yaliyobaki tukamwachia Mungu. Hawa wamejuana wakitazamana, kila mmoja anajua mwenzie akishindwa anafanyaje. Waambie mawifi zako hivyo. Mimi sina zaidi."

Akachukua finjani yake tupu, akaitikisa kulia na kushoto.

Bi Wadha alimtazama, akaitazama finjani, akaelewa. Aliangalia ya kwake. "Yangu imejaa, dada. Nikiitikisa nitakumwagia zulia."

Wakacheka wote watatu, Reem naye, mpaka upande wa wanaume sauti za Hamdun na Ghaith zikanyamaza ghafla, kama watu wanaojiuliza huko ndani kumepasuka nini.

"Haya," alisema Bi Wadha akijifuta macho. "Kwa juu, si ndiyo? La karata nimelikubali, mawifi nitawajibu mwenyewe. Wamejuana mbele ya kaka yake. Limekwisha. La kazi: mimi nilikuwa na kazi ofisini Sur, nzuri tu, nikaiacha nilipoolewa kwa sababu watu walisema. Wale waliosema hawajawahi kuja hata kunipa pole. Reem haachi kazi. Sur kuna maabara na Ibra kuna maabara, wenyewe watajua wakae wapi. Na hilo limekwisha."

Imebaki ya chini kabisa. Bi Khole akamgeukia binti yake. "Reem. Hii si yangu. Hii ni yako."

Reem alikuwa amepiga magoti kando ya sinia. Hakuinua uso. Alinyoosha mkono, akachukua finjani moja tupu miongoni mwa zile zilizopangwa, akaitikisa taratibu, kulia na kushoto.

"Hana la kupinga," alisema Bi Khole, akajua Bwana Marhoun angependa kuiona finjani ile. "Kunywa, mdogo wangu. Kunywa kwa heri."

Bi Wadha akainua finjani yake, akanywa kwa mara moja, akakunja uso. "Imepoa kama maji ya mtungi!"

"Nikubadilishie?"

"Thubutu! Hii ndiyo niliyoijia." Akainyoosha. "Ya pili ndiyo utie ya moto. Na ile kadi ya lango, dada, hebu nionyeshe tena. Mawifi zangu ningewafungia hilo kila siku."

Wanaume walikuja kwa mlango wao baadaye, na yao yakasemwa kwa Kiarabu chao, kwa utaratibu wao, na siku ikapangwa. Lakini Bi Khole hakuihesabu habari kuwa imekwisha mpaka alipokwenda tena kwa Bi Sheha kunywa kahawa. Baraza ilikuwa imejaa. Chungwa lilikuwa likimenywa.

"Ati Bi Khole," akaanza Bi Sheha, iliki tele. "Nasikia kuna posa kutoka Sur. Nasikia ati kijana mwenyewe ni mcheza karata. Nasikia ati walijuana huko huko kwenye karata, Nizwa. Nikawaambia watu, haiwezekani, Bi Khole mwenyewe alituambia wanawe hawachezi. Sasa sijui nani asadikiwe. Mimi nakuuliza kwa mapenzi tu, kwa ujirani."

Watu walimtazama Bi Khole, wakingoja aruke kama kawaida yake. Hakuruka. Aliishusha finjani yake kwanza, taratibu, mpaka chini.

"Umemaliza, jirani yangu?" akauliza kwa upole.

"Eeh... nimemaliza."

"Vizuri. Siku ile nilikujibu kabla sijajua, nikakosea. Wangu wanacheza, na mimi nacheza, hakuna kamari ndani yake, na asiyesadiki baraza yangu iko wazi kila alasiri. Walijuana Nizwa, mbele ya kaka yake. Mama wa kijana amekuja kwangu, ameweka haja yake kwa adabu ambayo sijaiona mjini hapa miaka mingi, na nimemkubalia. Harusi mmealikwa nyote."

Bi Sheha alikuwa ameshika birika, amesahau kuwa ameshika birika. Bi Khole akainyoosha finjani yake mbele, mkono umetulia, wala hakuitikisa.

"Mimina, jirani," alisema. "Bado sijasema basi."